Kubandua karata kwa ajili ya mazingaombwe

Karata ya mazingaombwe ikiwa nene kuliko wenzake, kiini macho kimekwisha kabla hujaanza. Ukigundisha karata mbili nzima mgongo kwa mgongo ili upate yenye nyuso mbili, unene unakuwa maradufu, na mtu akikata pakiti ataikatia hapohapo karibu kila mara. Ndiyo maana karata hubanduliwa kwanza. Unatenganisha ngozi ya uso na ngozi ya mgongo, yaani matabaka mawili ya karatasi yaliyogundishwa pamoja, kisha unaunganisha zile unazozitaka, na unene unarudi palepale: takriban milimita 0.3.

Zinazofaa ni karata za karatasi. Za plastiki hazibanduki, na kwenye meza za masoko kama Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa maboksi ya aina zote mbili yanaweza kufanana sana. Chana jokari moja ujue. Ikivutika kabla ya kukatika, ni plastiki. Ya karatasi inachanika na kuacha nyuzi, na pale ilipochanika utaona mstari mweusi au wa kijivu katikati. Hiyo ni gundi inayoshika ngozi mbili na kuzuia mwanga usipenye. Bicycle za Marekani, chapa iliyoanza mwaka 1885, zimetengenezwa hivyo na zinabanduka vizuri. Zilizokatwa kwenye kadibodi moja isiyo na mstari huo hutoka vipandevipande, usihangaike nazo.

Nunua pakiti mbili zinazofanana, duka moja, siku moja. Wekundu wa mgongo hutofautiana kidogo kati ya mzigo na mzigo, na tofauti hiyo huonekana karata zikipangwa mezani.

Kubandua kukavu ndiko kwa kuanza nako. Shika kona moja kwa kidole gumba na cha shahada, uisugue mbele na nyuma kama anayehakikisha noti mbili hazijashikana. Baada ya muda ncha itaachia. Usitumie wembe kufungua: unazama kwenye ngozi moja na kuacha tundu litakaloendelea kuchanika. Kona ikifunguka kama sentimita moja, amua unataka ngozi ipi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuzivuta zote mbili sawasawa kama wanaofungua bahasha. Ngozi inayokunjwa ndiyo inayopata mikunjo. Kwa hiyo laza mezani ile unayoitaka, uikandamize kwa kiganja, halafu ile ya kutupa uizungushie penseli na kuiviringisha polepole kuelekea kona ya pili, mshazari. Ngozi ya kutupa itatoka imeviringika kama gome. Ya kwako itabaki imenyooka. Maana yake kila karata inakupa ngozi moja tu nzuri, na pakiti ya pili inaisha haraka kuliko unavyodhani. Anza kujifunzia jokari na karata za matangazo zinazokuja ndani ya boksi.

Ikigoma katikati ya safari, usivute kwa nguvu. Rudi ufungue kona nyingine na ukutane nayo. Nyuzi zilizobaki nyuma ya ngozi uziondoe kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, ukipitisha kuelekea upande mmoja tu.

Ukitaka ngozi zote mbili, loweka. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, karata moja moja zisilaliane, na uanze kukagua baada ya nusu saa. Maji huingilia pembeni kwa sababu uso umepakwa vanishi, hivyo zingine huhitaji saa kadhaa. Kona ikiachia yenyewe, iko tayari. Bandua, futa gundi inayoteleza kwa kidole, kisha laza kati ya karatasi nyeupe chini ya ubao na tofali. Gazeti linaacha wino. Hasara ya njia hii ni kwamba karatasi iliyolowa hutanuka, na ikikauka inaweza isirudi kipimo chake kamili. Pia karata inapoteza mtelezo wake, na wino wa karata rahisi huchuja. Juni na Julai, baridi ya Mbeya au Njombe ikikaza, kukauka kunaweza kuchukua siku mbili tatu. Usiharakishe kwa kuisogeza jikoni kwenye mkaa, itajikunja kama ganda la mdalasini.

Kwenye gundi, epuka supa gluu: inapenya na kuacha doa gumu. Gundi ya kijiti ya wanafunzi inatosha kwa kuanzia. Iliyo bora ni gundi nyeupe ya maseremala, lakini si ikiwa mbichi, kwa sababu maji yake hupinda karata. Paka safu nyembamba sana upande wa ndani wa ngozi zote mbili kwa kutumia kadi ya simu ya zamani, uziache zikauke kabisa. Kisha zipange kwenye kona ya rula mbili zilizobandikwa mezani kwa pembe mraba, hadi kingo zilingane, funika kwa karatasi nyeupe na upitishe pasi ya moto wa wastani isiyo na mvuke, sekunde kumi kumi. Joto linalainisha gundi na ngozi zinashikana. Ikiwa bado moto, iweke katikati ya karata nyingine na uibane chini ya vitabu hadi kesho yake. Kingo zilizotokeza pitisha msasa, usikate kwa mkasi.

Yenye migongo miwili au nyuso mbili haihitaji zaidi ya hapo. Yenye kifuniko, ile inayobadilika sura nusu yake ikikunjwa, ndiyo yenye ufundi. Tuseme nne ya pau igeuke kumi ya kopa. Chukua kumi ya kopa nzima iwe msingi. Bandika nusu ya chini ya ngozi ya nne ya pau juu ya nusu ya chini ya msingi, ya juu uiache huru iwe kifuniko. Nyuma ya kifuniko bandika nusu ya chini ya kumi ya kopa kutoka pakiti ya pili, ukingo wake wa chini ukae chini kifuniko kinaposhushwa. Kikiwa juu, inaonekana nne. Kikishuka, inaonekana kumi. Mkunjo upitie katikati kabisa, na uukandamize kwanza kwa mgongo wa kisu ili usipasuke. Tumia mbili, nne au kumi pekee, kwa kuwa mstari wa katikati wa karata hizo hauna alama. Tatu, tano, sita, saba, nane na tisa zote zina alama zinazokatwa na mkunjo.

Karata hii itakuwa nene juu, kwa hiyo ishikwe mkononi peke yake, isichanganywe kwenye pakiti. Kwa maonyesho ya Tukuyu au kwingine kwenye mvua nyingi, zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri na uzitoe dakika chache kabla ya kuanza.