Kabla Hujatoka Reykjavík kwa Safari ya Kutwa, Jua Kuusoma Upepo

Anayefika Reykjavík hakai mjini, na ana haki. Kwa siku moja, ukiwa na gari la kukodi, unaona Þingvellir, walipoanza kukutana wabunge wa Iceland mwaka 930, unaona chemchemi ya Strokkur ikirusha maji ya moto kila baada ya dakika 5 hadi 10, unamalizia na maporomoko ya Gullfoss, na usiku unalala kwenye kitanda chako kilekile. Ila usikurupuke.

Mavazi: koti lisilopitisha upepo wala maji, kofia, glavu. Jinzi iache hotelini, ikilowa imelowa. Mwavuli usiubebe kabisa.

Chakula beba chako. Bei za njiani zitakutoa machozi. Maji ya bomba, yale ya baridi, kunywa bila wasiwasi. Ya moto yakinuka yai viza usishtuke, yanatoka ardhini na salfa yake.

Pampu nyingi za mafuta hazina mhudumu na zinataka kadi yenye namba ya siri. Ijaribu ukiwa bado mjini.

Mwanga nao una hesabu zake. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa 5 na dakika 20 asubuhi, likazama saa 9 na nusu alasiri. Kijiji cha Vík kiko kilomita kama 190, saa mbili na nusu barabara ikiwa kavu, na hiyo ni kwenda tu. Juni mambo hugeuka: jua huzama karibu na saa 6 usiku, na wewe kwa kuwa hujaona giza utaendesha mpaka usingizi ukukute kwenye usukani.

Sasa upepo. Hapa nisikilize vizuri, maana niliulipia.

Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na shemeji, mwezi wa Novemba. Asubuhi nikafungua utabiri nikaona upepo 22. Mimi ni mtoto wa Tanga, kusi limenilea. 22 ndiyo nini? Nikasema huo ni upepo wa kuanikia nguo. Kumbe kule upepo huandikwa kwa mita kwa sekunde. Zidisha mara 3.6 upate kilomita kwa saa: 22 yangu ilikuwa karibu 80, na dharuba zake huzidi hapo.

Njia nzima nilikuwa navutana na usukani, na bado sikushtuka. Tukafika kwenye maporomoko ya Seljalandsfoss, nikaegesha upepo ukitupiga kwa nyuma. Shemeji, aliyekaa mbele, akafungua mlango kama anashuka daladala. Nilisikia mlio kama wa bati linalopasuka. Mlango ulipitiliza, bawaba zikapinda, na bati la ubavuni likakunjika. "Umeniponyoka, shemeji, umeniponyoka!" akanilalamikia. Mlango haukufunga tena. Tuliufunga kwa mkanda wa begi, akaukumbatia zaidi ya kilomita 100 hadi Reykjavík, mvua ikimwingia kwenye shingo. Maporomoko yenyewe hatukuyasogelea.

Kijana wa kwenye kaunta ya kukodisha magari hata hakushangaa. Bima niliyouziwa kwa jina la "kamili" haikugusa mlango ulioharibiwa na upepo. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi za sisimizi. Nikalipa kuliko nauli za ndege zetu sote watatu. Shemeji mpaka leo akipanda gari hukaa nyuma.

Kwa hiyo: kabla ya kusaini mkataba wa gari, uliza kwa maneno haya haya, "mlango na upepo je? mchanga na majivu ya volkano je?" Kila asubuhi angalia hali ya hewa vedur.is na barabara umferdin.is. Upepo ukipita mita 15 kwa sekunde na gari lako ni jepesi, tafuta jambo la kufanya mjini. Onyo la rangi ya chungwa likitoka, safari imekufa, usibishane nalo. Egesha pua ya gari ikitazama upepo, ili ukiusukuma mlango, wenyewe urudi. Mkono mmoja uushike mlango daima, na milango isifunguliwe miwili kwa mpigo, upepo utapita ndani na kila kitu chako.

Mengine ni ya kujichunga tu. Ufukweni Reynisfjara usiipe bahari mgongo. Mawimbi ya pale hupanda ghafla na yameua watu, na taa ya onyo imewekwa, itazame. Kwenye chemchemi usivuke kamba, maji yale yanachemka kweli. Barabara zenye herufi F si za gari dogo. Daraja la njia moja, punguza. Usisimame katikati ya barabara kupiga picha, hata mwanga ukiwa mzuri namna gani. Simu iwe na chaji, namba ya dharura ni 112, na mtu mjini ajue umeelekea wapi. Na choo, ukikiona ingia, hata kama hujabanwa.