Spageti ya kuoka kwa nyama ya kusaga: ikatike vipande, isiwe uji

Spageti ya kuoka ikiharibika, mara nyingi imeharibika kabla ya kuingia kwenye oveni. Ukizichemsha zikaiva kabisa, au ukaiacha nyama na supu yake, utaishia kuchota kwa upawa kitu ambacho kilitakiwa kukatwa kwa kisu.

Vipimo hivi ni vya trei ya sentimita 33 kwa 23, kina sentimita 5. Wanakula watu 6 hadi 8.

Anza na nyama. Kaanga vitunguu maji 2 vikubwa kwa vijiko 3 vya mafuta mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia kijiko kimoja cha kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyama ya kusaga nusu kilo. Ivunjevunje kwa mwiko. Itatoa maji, yaache yakauke mpaka nyama ianze kuchachatika ndipo utie nyanya 4 zilizosagwa, nyanya ya kopo vijiko 2, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili manga na chumvi. Pika kwa moto mdogo kama dakika 20. Kipimo chake: pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi, imekuwa tayari. Maji yakiirudia mara moja, endelea kupika.

Sosi nyeupe: yeyusha siagi gramu 60, tia unga wa ngano gramu 60, koroga dakika 2 bila kuuacha ubadilike rangi. Maziwa mililita 750 yawe ya uvuguvugu, na umimine kidogokidogo. Ukiyamwaga yote kwa pamoja, unga wa nje huiva haraka na kufungia unga mkavu ndani, ndiyo yale mabonge. Yakitokea, chuja tu. Endelea mpaka sosi ishike nyuma ya kijiko na alama ya kidole isifutike. Tia kungumanga kidogo iliyokunwa na chumvi, epua. Subiri dakika 5 kabla ya kuchanganya mayai 2 yaliyopigwa, la sivyo yataganda vipandevipande.

Spageti ziwe za mwisho, kwa sababu hazipendi kungoja. Gramu 400, zivunje mara mbili. Ndefu hung'ang'aniana wakati wa kupakua. Maji lita 4 yanayochemka, chumvi vijiko 2 vya chakula. Paketi ikisema dakika 9, toa kwenye dakika ya 6. Kata uzi mmoja: katikati ubaki na kinukta cheupe, maana kitamalizikia kwenye oveni kwa unyevu wa sosi. Chuja, usisuuze wala usitie mafuta. Wanga ulioshika juu yake ndio unaozigandisha. Changanya papo hapo na theluthi ya sosi.

Paka trei siagi. Nusu ya spageti, nyama yote, nusu iliyobaki, halafu sosi. Kandamiza kwa nyuma ya kijiko ili kusiwe na mapengo, kisha nyunyiza chizi gramu 150. Oka nyuzi 180 kwa dakika 30, rafu ya katikati. Juu pakiwa bado peupe, pandisha hadi 200 kwa dakika 5. Ukitoa, acha ipumzike dakika 15. Anayekata mapema asilaumu vipimo.

Huna oveni? Tumia sufuria ya duara ya sentimita 26, uiweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliokwisha pata moto. Funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa: machache chini, mengi juu. Makaa ya chini yakizidi, kitako kitaungua huku chizi halijayeyuka. Pangusa majivu kabla ya kufunua, na tazama baada ya dakika 25.

Ukiipanga asubuhi kwa ajili ya futari, ongeza maziwa mililita 100 kwenye sosi, kwa kuwa spageti zitaendelea kunywa zikiwa kwenye friji. Siku hiyo funika kwa foili dakika 20 za kwanza, kisha funua uoke dakika 25 nyingine. Kiporo hukaa friji siku 3: pasha kipande kwenye kikaango kilichofunikwa, na kijiko cha maziwa pembeni, moto mdogo.