Kabla ya kununua sabufa, sogeza spika ukutani

Spika zako zinaimba vizuri ila besi ni nyepesi? Zisogeze zibaki kama sentimita 20 kutoka ukuta wa nyuma (zenye tundu nyuma ziachie zaidi), kaa pale unapokaa siku zote, kisha piga toni za majaribio za Hz (mitetemo kwa sekunde; namba ikishuka, besi ni nzito zaidi) 80, 60, 50 na 40 kwa sauti ya wastani. Zipo bure mtandaoni. Zima kwanza kiongeza besi cha simu, maana kitakudanganya. Besi husambaa pande zote za spika, hata nyuma, na ukuta huirudisha chumbani, kwa hiyo unaipata zaidi bila kutoa hata shilingi. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hushuka hadi karibu Hz 41, lakini sehemu kubwa ya kinachosikika iko juu ya hapo. Hz 50 ikisikika wazi, kwa rumba na taarabu sioni haja ya sabufa. Sauti ikianza kufifia tangu 80, nunua tu, hasa kama wewe ni mtu wa amapiano.

Kipimo hiki hudanganya toni moja ikipotea huku za juu na chini yake zikisikika: hapo ni chumba, mawimbi yanauana ulipokaa. Sogeza kiti nusu mita, rudia. Besi ikivuma kama pipa, vuta spika mbele kidogo. Na usiongeze sauti kuitafuta Hz 40 kwenye spika ndogo, utaua koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka.