Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Soketi na Chaji Kwenye Meza za Ofisi

Watu wanaotumwa kununua soketi za mezani, yaani zile zenye nafasi za plagi na za kuchajia simu zinazofungwa kwenye meza yenyewe, huanza kwa kutazama picha na kulinganisha rangi. Usianze huko. Anza kwenye boksi la umeme la ghorofa yenu, ukiwa na fundi, umuulize maswali matatu: njia ngapi za umeme zinatoka humo kwenda kwenye soketi za ofisi, kila njia imewekewa kinga (swichi inayojikata mzigo ukizidi) ya ampea ngapi, na waya wa ardhi unaishia wapi. Asiyeweza kuyajibu hayo asikufungie chochote. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya mwenye leseni ya EWURA, na kwa Kenya mwenye leseni ya EPRA, yaani mamlaka zinazodhibiti nishati. Omba kuiona leseni yenyewe na usome daraja lake pamoja na tarehe ya kuisha, kwa sababu leseni ya bosi wake haimsaidii kijana aliyetumwa peke yake na bisibisi moja.

Kisha hesabu vifaa, usihesabu meza. Kompyuta mpakato ya kawaida huchajiwa kwa wati 65 hivi, kioo cha pembeni, yaani skrini ya kompyuta, hula wati 30 au zaidi kidogo, na simu 20. Meza moja kwa hiyo haifiki hata wati 150, ilhali plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba karibu wati 3000. Kompyuta si adui. Adui ni birika la umeme, ambalo peke yake laweza kuvuta wati 2000 na ushee, printa kubwa ya leza, na ile hita ya miguuni inayojitokeza Nairobi kila Julai. Vipige marufuku mezani, lakini vitengee soketi zake jikoni na kwenye chumba cha printa siku hiyo hiyo, la sivyo marufuku yako haitavuka wiki. Kama ofisi ina umeme wa akiba wa UPS, ambao katika majengo mengi soketi zake ni nyekundu, amua mapema ni tundu lipi la meza litapata umeme huo, na uwaambie watu.

Kwenye chaji za USB, namba iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Kifaa kinachosema wati 65 mara nyingi kinazigawa wati hizo kwenye matundu yake yote, hivyo ukichomeka simu mbili pembeni, kompyuta inabaki na nusu na betri yake inashuka huku imechomekwa. Uliza tundu moja linatoa wati ngapi matundu mengine yakiwa yanatumika. Yale matundu ya zamani mapana, ya volti 5, hutoa wati 12 kwa kawaida, yanayotosha simu tu. Nunua yenye USB-C: Umoja wa Ulaya umezilazimisha simu mpya zinazouzwa huko kutumia tundu hilo tangu tarehe 28 Desemba 2024, kompyuta mpakato zikapewa tarehe 28 Aprili 2026, na simu zinazofika Kariakoo ni zilezile. Chagua pia soketi ambayo kipande chake cha USB hung'olewa na kubadilishwa peke yake, kwa kuwa ndicho kitakachochoka kwanza.

Plagi ziwe za pini tatu za mraba, zenye fyuzi ndani. Zikwepe zile soketi zinazopokea plagi za kila aina duniani, kwani plagi ya pini mbili za duara ikiingia humo mara nyingi haigusi waya wa ardhi kabisa, na nyingi hazina vile vifuniko vya ndani vinavyoziba matundu. Nanyi mnaosukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, acheni. Kifuniko hicho kimewekwa kwa makusudi, na adapta nzuri haizidi bei ya chakula cha mchana.

Soma maandishi yaliyo kwenye kebo ya soketi. Ukiona 3G1.5, ni nyaya tatu za milimita za mraba 1.5 na mmojawapo ni wa ardhi. Ukiona X mahali pa G, ndani hakuna waya wa ardhi, irudishe dukani. Usiunganishe soketi ya meza moja kwenye soketi ya meza ya pili, ya pili kwenye ya tatu, isipokuwa mtengenezaji ameziunda hivyo na ametaja idadi. Utaratibu wa Kiingereza wa BS 6396, unaohusu umeme kwenye samani za ofisi, unaruhusu plagi moja ya ukutani kulisha soketi nne zenye fyuzi ya ampea 5 kila moja, au sita zenye fyuzi ya 3.15. Ekstensheni ya sokoni haijui lolote kati ya hayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halimo kwenye orodha za wauzaji, nami niliyaona matokeo yake baada ya kumuumiza mtu. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilifunga soketi mpya kwenye meza 14 zenye fremu za chuma, zote juu ya njia moja inayolindwa na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kuanzia wiki ya kwanza umeme ulikuwa ukikatika asubuhi, wafanyakazi wakishaingia wote. Walilaumu shirika la umeme, TANESCO, mpaka mtu akagundua kwamba taa za koridoni hazizimiki. Wakamlaumu mhudumu na birika lake, likaondolewa. Umeme ukaendelea kukatika. Akaitwa fundi, ambaye alikaa mbele ya boksi muda usiozidi wa kunywa chai, akapitisha waya pembeni ya RCD, akalipwa na kusifiwa, kwa sababu ni kweli umeme haukukatika tena.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Kila kifaa chenye waya wa ardhi kama kompyuta ya mezani au kioo chake huvujisha umeme kidogo kwenye waya huo hata kikiwa kizima kabisa, pengine miliampea moja hivi, kutokana na kichujio kilichomo ndani yake. Meza 14 zenye kompyuta na kioo ni vifaa 28, na RCD ya miliampea 30 ni lazima ikate ikifika 30, lakini inaruhusiwa kukata mara tu ikipita 15. Haikuwa mbovu, ilikuwa imepewa mzigo wa njia mbili au tatu. Dawa ilikuwa kuzigawa meza hizo kwenye njia kadhaa, kila moja na RCD yake, hesabu inayofanyika kwenye bahasha kabla ya ununuzi.

Miezi ikapita. Meza moja ilisogezwa ili kupisha kabati, mguu wake wa chuma ukaikalia kebo na kulikata ganda lake, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiunganisha fremu ya meza na waya wa ardhi, chuma chote kikabaki na umeme kimyakimya. Hakuna fyuzi iliyokatika, maana umeme huo haukuwa na pa kwenda. Mhasibu aliyekaa hapo alishika fremu kwa mkono wa kushoto akivuta kiti, huku wa kulia ukiwa juu ya boksi la kompyuta, ambalo lenyewe lilikuwa limeunganishwa na ardhi vizuri. Umeme ukapita mkono hadi mkono, yaani kifuani. Alinusurika kwa kuwa mwenzake hakumvuta, alikimbilia swichi kuu; kiganja kiliungua. Mimi niliitwa baadaye kuorodhesha vitu vya kubadilisha, na nilipofungua boksi nikaiona RCD ipo mahali pake, safi, imewashwa, haina waya hata mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, mwambie abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD mbele yako na soketi zote za mezani zizime. Mwambie apime kwa kifaa chake, toka pini ya ardhi ya plagi hadi fremu ya kila meza ya chuma, na akuandikie matokeo. Umeme ukianza kujikata, uliza kwa nini. Anayekupa jibu la kuupitisha pembeni msindikize mlangoni.

Mengine ni mepesi. Pima tundu la soketi kabla ya kutoboa meza, kwani mengi ni ya milimita 60 au 80 na ubao uliotobolewa vibaya haurudi. Soketi inayotazama juu itanyweshwa chai, chagua ya kusimama au yenye mfuniko. Kebo ipite kwenye njia yake chini ya meza, isipite chini ya zulia wala kwenye kona kali ya chuma, na meza za kupanda na kushuka ziachiwe urefu wa kutosha. Andika namba ya njia ya umeme kwenye kila meza. Weka fyuzi za akiba kwa katibu, za ampea sahihi, ili asije mtu akafunga ile iliyoungua kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Anayepiga deki aonyeshwe kebo zilipo. Plagi ikiwa ya moto kuishika, au ikinuka plastiki, ichomoeni kwanza ndipo mpige simu. Na meza isihamishwe hata nusu hatua, na mtu yeyote, kabla haijachomolewa.