Kufuga bata maskovi nyumbani: maji yawe mengi, malazi yawe makavu

Bata mwenye nyama nyekundu ya vinundu usoni ndiye maskovi. Jina lake lisikupeleke Urusi, kwani asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Huko porini hukaa karibu na maji, ila usiku hulala juu ya miti na hutaga kwenye matundu ya magogo. Mimi nilianza kwa kumfuga kama kuku, kisha nikamfuga kama samaki, na mara zote mbili nikapata hasara. Utaratibu ninaoufuata siku hizi ni huu.

Hatua ya 1: Wa kuanza nao

Chukua dume mmoja na majike wanne au watano. Ukiweka madume wawili kwenye kundi dogo, mbali na kupigana wao kwa wao, majike watapandwa mno mpaka wanyonyoke manyoya ya kisogoni. Dume aliyekomaa hufikia kilo 4 hadi 6, na jike huwa karibu nusu yake. Kama una bata wa aina nyingine, watenge. Dume wa maskovi atawapanda bila shida, lakini watoto watakaopatikana huwa tasa.

Unapochagua, tazama macho makavu, pua safi na mwendo usiochechemea. Kumshika kwenyewe kuna namna yake: bana mabawa yote mawili kwa mkono mmoja, mwingine upitishe chini ya tumbo, miguu ielekee mbali nawe. Kucha zake ni kama za paka. Mimi nilimkumbatia dume mbele ya kifua kama mtoto mchanga, na shati halikuvalika tena.

Kelele hazipo. Dume hutoa sauti ya pumzi kama tairi linalovuja, na jike hulia kwa sauti ndogo nyembamba.

Hatua ya 2: Banda

Bata watatu kwa kila mita moja ya mraba wanatosha kulala, ilimradi mchana watoke nje. Hewa ipite juu, usawa wa vichwa vyao au zaidi, si pale wanapolala. Weka maranda ya mbao au nyasi kavu, na ukichota konzi ukaiminya ikatoa maji, umechelewa kuibadilisha. Sakafu chafu na yenye changarawe kali huwapasua nyayo, na jeraha la wayo likiingia vijidudu huvimba na kuwa gumu, kazi kubwa kulitibu. Wawekee pia ubao mpana wa kutulia, sentimita 40 hivi kutoka chini. Madirishani tumia wavu wa matundu madogo, maana kicheche haombi nafasi kubwa.

Hatua ya 3: Maji

Bwawa si lazima. Lililo lazima ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyosafisha pua na macho. Beseni la kuogea mara mbili tatu kwa wiki linawatosha. Maji yote yakae nje, mbali na malazi. Usiku ondoa vyote viwili, chakula na maji, kwani bata akila bila maji hukabwa. Dimbwi bichi lenye mizoga ya wadudu au majani yaliyooza lifukie, maana sumu ya humo hulegeza shingo na kuua kundi zima.

Hatua ya 4: Chakula

Majani mabichi, konokono, nzi na viluwiluwi vya mbu watajitafutia wenyewe. Jioni ongeza nafaka na chakula cha kuku wa mayai kwa majike wanaotaga. Mkate ni wa kuwafurahisha wageni tu. Jambo nisilolifanyia mzaha ni ukungu: bata huathirika na sumukuvu upesi kuliko kuku, na vifaranga ndio wa kwanza kufa. Mahindi yakinukia uvundo, yatupe. Kuyaanika hakuondoi sumu.

Hatua ya 5: Mayai na vifaranga

Mpe jike kona yenye giza na sanduku lenye nyasi. Akianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika, ameamua kuatamia. Hesabu siku 35, si 28 kama za bata wengine. Wengi hutupa mayai mazima wakidhani yameharibika. Siku ya 10 yapitishe mbele ya tochi usiku: lenye mishipa kama mizizi ni hai, linalong'aa lote litoe. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kukaa siku nzima au zaidi kabla ya kutoka. Usimmenye. Niliwahi kummenya mmoja, mishipa ya ganda ilikuwa bado na damu, akafia kiganjani.

Vifaranga wasio na mama wawekee joto la nyuzi 32 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi; wakijibana ukutani wanaungua. Chombo chao cha maji kijaze mawe, yabaki maji ya kuzamisha mdomo tu. Hawa hawajapakwa mafuta na manyoya ya mama yao, hivyo hulowa hadi ngozini. Asubuhi moja nilikuta wanne wamelala ndani ya sahani ya maji, baridi kama jiwe.

Tena wanahitaji niasini, yaani vitamini B3, kupita vifaranga wa kuku. Ikipungua, magoti huvimba na miguu hupinda. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha chachu kavu ya bia isiyo hai kwenye kila kikombe cha chakula.

Hatua ya 6: Mabawa

Majike huruka vizuri sana. Kata manyoya marefu ya ncha kwenye bawa moja tu, ili akiruka aende upande. Lenye shina jeusi laini liache, ndani lina damu. Yakipukutika yataota mapya, nawe utaurudia mkasi.