Kumchagulia mtu komiki ya mashujaa atakayoimaliza

Sebuleni kwangu, Sinza, kuna kabati la komiki za mashujaa wa Kimarekani. Nyingine nimezikuta kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao pale Posta, nyingine zimekuja kwenye mabegi ya ndugu waliorudi likizo. Naziazimisha kwa yeyote anayerudisha. Wanaokuja ni wa aina mbili: aliyeona filamu zote na sasa anataka kujua kwenye karatasi kuna nini, na aliyesoma zamani, maisha yakamvuta, sasa anataka kurudi. Wote huuliza, "Nianzie wapi?" Miaka ya mwanzo nilikuwa namwagia mtu orodha ya komiki zinazosifiwa kuliko zote. Vitabu vilirudi na alama ya kusomea ikiwa ukurasa wa kumi na mbili. Siku hizi naanza na mtu mwenyewe, na vitabu vinarudi vimesomwa hadi jalada la nyuma.

Hatua ya kwanza: muulize kitu cha mwisho alichokimaliza

Usimuulize anampenda shujaa gani. Atasema Batman au Spider-Man, kwa sababu hayo ndiyo majina aliyonayo mdomoni. Muulize tamthilia, riwaya au filamu ya mwisho iliyomfanya achelewe kulala, na nini hasa kilimshika.

Dada mmoja muuguzi aliniambia hana habari na watu wanaoruka angani. Anachofuatilia ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Nikamuuliza kwa nini. "Siri za familia," akasema. "Mama anaficha kitu kwa nia njema, na kile kitu kinamla." Nilimpa The Vision ya Tom King na mchoraji Gabriel Hernandez Walta, matoleo 12 ya mwaka 2015 hadi 2016. Vision ni kiumbe wa kutengenezwa aliyejiundia mke na watoto wawili, wakahamia mtaa wa watu wa kawaida karibu na Washington ili waishi kama majirani wengine. Sura ya kwanza tu, mama anafanya jambo kuwalinda wanawe, kisha analificha. Alikirudisha baada ya siku tatu, macho mekundu.

Jibu la swali hili ndilo linalobeba kazi yote, kwa hiyo usiliharakishe. Anayependa upelelezi, anayependa mapenzi, anayependa vichekesho vya watu waliochoka na maisha, kila mmoja ana kitabu chake humu.

Hatua ya pili: pima maneno yaliyomo kwenye ukurasa

Hili sijaliona kwenye miongozo ya Wamarekani, nasi linatuhusu sana. Kiingereza kwa wengi wetu ni lugha ya darasani na ofisini. Mtu anaweza kuandika barua ya kazi kwa Kiingereza safi na bado akachoshwa na ukurasa wenye viputo kumi na tano vya maneno. Komiki za miaka ya 1960 hadi 1980 zina maneno mengi kwelikweli: Stan Lee alipenda kusimulia kile ambacho picha imeshakionyesha, na Chris Claremont, aliyeandika X-Men tangu 1975 hadi 1991, alijaza kurasa hadi pembeni. Nawaheshimu wote wawili, lakini simpi mgeni.

Ninachofanya ni kumkalisha mtu dakika kumi na toleo namba 11 la Hawkeye ya Matt Fraction na David Aja. Hadithi nzima inasimuliwa na mbwa. Watu wanapozungumza, maneno yao yamechorwa kama mikwaruzo, isipokuwa machache ambayo mbwa anayaelewa. Mbwa akimnusa mtu, kandokando ya mtu huyo zinatokea alama ndogondogo za kile ambacho pua imekigundua: chakula, harufu, mtu mwingine aliyekuwa naye. Angalia vidole vya msomaji wako. Akianza kufuata alama moja hadi nyingine na kucheka peke yake, huyu ni msomaji wa picha, mpe kitabu chenye maneno machache. Akiruka haraka akitafuta maandishi, huyu anataka msimulizi, mpe kitabu chenye sauti.

Na Hawkeye yenyewe ni mlango mzuri. Imeanza mwaka 2012, ina matoleo 22. Shujaa wake hana nguvu zozote, ana upinde na mishale tu, na ugomvi wa toleo la kwanza ni wa mwenye nyumba anayepandisha kodi ili wapangaji wahame. Hakuna mpangaji wa Dar es Salaam anayehitaji kufafanuliwa hapo.

Hatua ya tatu: mpe kitabu chenye mwisho

Mgeni akiambiwa "anza na namba moja", hajui ni namba moja ipi. The Amazing Spider-Man ilianza mwaka 1963, kisha mchapishaji akairudisha namba moja mwaka 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Superman yupo tangu Juni 1938. Hakuna binadamu anayetakiwa kusoma vyote hivyo, na usimfanye mtu ajione amechelewa. Tafuta hadithi iliyoandikwa na mkono mmoja, ikaanza, ikaisha.

Kwa anayetaka Superman natoa All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12. Ukurasa wa kwanza una visanduku vinne na maneno manane, na asili yote ya Superman imeshasimuliwa: sayari inayokufa, wazazi waliokata tamaa, chombo kinachorushwa, wazee wema wanaompokea. Kisha hadithi inaanza, naye anagundua kwamba anakufa. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba steringi hafi. Ndiyo maana kitabu hiki kinatushika: steringi anajua siku zake zinahesabika, na swali linakuwa atazitumiaje.

Kwa binti wa dada yangu, kidato cha tatu, nilichagua Ms. Marvel ya mwaka 2014 iliyoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona. Kamala Khan ni msichana Mwislamu wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani, na anatoroka usiku kwenda sherehe aliyokatazwa. Mpwa wangu alisoma ugomvi wa Kamala na baba yake mara mbili, akasema, "Mjomba, huyu baba anaongea kama baba." Kitabu cha kwanza kina matoleo matano tu, na mwaka 2015 kilipata tuzo ya Hugo.

Kwa mpenzi wa safari ndefu ipo Invincible ya Robert Kirkman, matoleo 144, mwaka 2003 hadi 2018, yamekwisha yote. Tahadhari: rangi zake ni angavu kama za katuni za watoto, lakini ndani kuna damu nyingi sana. Mzazi akikuomba kitabu cha mtoto wa miaka tisa, usimpe hiki. Mpe Superman Smashes the Klan ya Gene Luen Yang, iliyochorwa na Gurihiru, kuhusu familia ya Kichina inayohamia mjini mwaka 1946 na majirani wasioitaka.

Hatua ya nne: fungueni pamoja kurasa mbili za kwanza

Usikabidhi kitabu mlangoni. Keti na mtu. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa bandarini, ujanani alikuwa akisoma African Film, lile jarida la hadithi za picha la Lance Spearman, maarufu kama Spear. Mtu wa namna hiyo humfundishi kusoma picha. Nilimwamkia, nikaketi kwenye benchi lake, nikafungua Batman: Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli, ya mwaka 1987, matoleo manne tu.

"Mzee, tazama hapa. Watu wawili wanaingia mji mmoja siku moja, Januari 4. Askari Gordon anakuja kwa treni, tajiri Bruce Wayne, ndiye atakayekuwa Batman, anakuja kwa ndege."

Nikamwachia asome. Baada ya muda akaweka kidole kwenye vijisanduku vya maelezo. "Mwandiko umebadilika."

Ndivyo ulivyo. Mawazo ya Bruce yameandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, ya Gordon kwa herufi zilizosimama moja moja. Mtu akishaliona hilo, hapotei tena: anajua nani anaongea moyoni mwake bila kuambiwa. Asiyeliona anafika ukurasa wa tano amechanganyikiwa, anakifunga kitabu, na anadhani komiki si zake. Kwa hiyo mwonyeshe. Mwonyeshe pia kwamba tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, hata viputo vilivyo ndani ya kisanduku kimoja. Na mwombe kwamba akimaliza maneno ya ukurasa, aurudie kwa macho tu kabla ya kufunua.

Hatua ya tano: anayerudi, muulize alimwacha shujaa katika hali gani

Huyu anahitaji uangalifu kuliko mgeni, maana anabeba kumbukumbu. Kinachomuumiza ni kukuta nyumba aliyoiacha imevunjwa. Aliyesoma Spider-Man utotoni alimwacha Peter Parker akiwa na mke, Mary Jane, kwa sababu walioana kwenye komiki mwaka 1987. Mwaka 2007 mchapishaji aliifuta ndoa hiyo kwa hadithi ambamo Peter na Mary Jane wanafanya mapatano na shetani. Mimi mwenyewe sijawahi kuukubali uamuzi ule. Mtu kama huyo ukimpa toleo jipya la mwezi huu, atakuuliza mke wa Peter yuko wapi, na utakosa jibu la kumtuliza.

Mpe Ultimate Spider-Man iliyoanza Januari 2024, ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Ni ulimwengu wa pembeni, hauhitaji kujua yaliyopita. Peter ni mtu mzima, ana mke, Mary Jane, ana watoto wawili, na baba yake mkubwa Ben yu hai. Nguvu zinamjia sasa, akiwa na familia mezani. Kaka mmoja aliyekuwa ameacha kusoma kabla hajaoa aliniambia alihisi kwamba Peter alikua pamoja naye.

Mwingine, mtu wa Kisumu anayefanya kazi hapa, alikuwa akimpenda Storm wa X-Men. Ana haki. Ororo Munroe, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1975, mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, alimkuta Kenya watu wakimwabudu kama mungu wa mvua. Toleo la 198 la Uncanny X-Men, la mwaka 1985, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, linamwonyesha akiwa amepoteza nguvu zake, akitembea peke yake kwenye nyika ya Afrika hadi kijiji chenye ukame. Michoro yake ni ya kumsimamisha mtu pumzi. Majina ya watu humo hayasikiki kama ya kabila lolote ninalolijua, na hilo nilimwambia mapema asije akalikuta mwenyewe akakasirika. Baada ya hapo nilimpa Storm iliyoanza Oktoba 2024, iliyoandikwa na Mnaijeria Murewa Ayodele.

Anayerudi usimlazimishe kufidia miaka aliyokosa. Wachapishaji wenyewe hufagia uwanja kila baada ya muda: DC, wachapishaji wa Superman na Batman, walifanya hivyo mwaka 1985 kwa hadithi kubwa ya Crisis on Infinite Earths, na tena Septemba 2011 walipoanzisha majarida 52 kwa mpigo, yote namba moja. Mweleze hilo kwa sentensi moja, inatosha.

Hatua ya sita: unachokizuia kwa muda

Watchmen ni kazi kubwa, na ni ya mtu ambaye ameshawapenda mashujaa, kwa sababu inawahoji. Niliwahi kumpa rafiki ikiwa ndiyo komiki yake ya kwanza, akakaa miaka miwili bila kuomba nyingine. Zuia pia zile hadithi kubwa zinazopita kwenye majarida kumi kwa pamoja. Ni karamu ya wenyeji.

Kuhusu gharama: tangu 2024 DC wanatoa vitabu vidogo vya bei ya dola 9.99, kila kimoja hadithi kamili, umbo la riwaya ya kawaida, vinaingia kwenye mkoba wa aliyesimama kwenye mwendokasi. Anayesoma kwenye simu ana Marvel Unlimited, programu ya komiki za Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, ambako komiki mpya hufika miezi mitatu baada ya kutoka. Apakue mapema akiwa na Wi-Fi, bando litamshinda.

Hatua ya saba: akirudisha, muulize ukurasa

Ukimuuliza mtu kama alipenda, atasema ndiyo, ni adabu zetu. Muulize ni ukurasa gani aliusimamia, akuonyeshe. Kisha kitabu cha pili kichague kwa kumfuata aliyekitengeneza. Ukimfuata shujaa, unaangukia kwa mwandishi mwingine na ladha nyingine. Mimi huandika kwenye daftari: jina, kitabu, ukurasa.

Yule dada muuguzi alinifungulia ukurasa ambao mama amebaki peke yake na siri yake. Nikarudi kabatini, nikamtolea Mister Miracle, Tom King tena, safari hii na mchoraji Mitch Gerads. Mume na mke wanapigana kupita mitego ya kuua huku wakibishana jinsi ya kupanga upya vyumba vya nyumba yao, kwa sababu mtoto anakuja. Kabla hajakitia mkobani nilimwambia kwamba kinaanza na mtu aliyejaribu kujiua, na kwamba kama wiki hii wodini imekuwa nzito, kinaweza kusubiri. Alikiangalia jalada, akasema atakuja kukichukua Ijumaa.