SOMO: Ajax yupi? Namna ya kuwatenganisha wajina katika visasili vya Kigiriki

Wengi mnaposoma habari za vita vya Troy, Wagiriki walipouzingira mji huo, mnakwama hapa: Ajax amejiua, kisha Ajax huyohuyo yumo melini anarudi kwao. Mwandishi hajakosea. Ni watu wawili.

Hatua ya 1: Tafuta baba. Wagiriki walimtaja mtu kwa baba yake, kama tunavyosema "bin". Yupo Ajax bin Telamon na Ajax bin Oileus.

Hatua ya 2: Uliza kwao wapi. Wa Telamon ni wa kisiwa cha Salamis, wa Oileus ni wa Locris.

Hatua ya 3: Tazama mwili na silaha. Baba hakutajwa? Usihangaike. Bin Telamon ni pandikizi la mtu, na ngao yake ni kama mnara: ngozi saba za fahali, juu yake shaba. Mwenzake ni mfupi, amevaa deraya ya kitani, na ana mbio sana. Kwenye michezo ya mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles, alikuwa anaongoza mbio, mungu wa kike Athena akamtelezesha kwenye mavi ya ng'ombe. Akainuka yamejaa mdomoni na puani, Mgiriki mwenzake Odysseus kashampita.

Hatua ya 4: Angalia kifo. Bin Telamon alijiua kwa upanga aliopewa na Hector, shujaa wa Troy, kwa uchungu wa kunyimwa silaha za marehemu Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki. Bin Oileus alinusurika meli ilipovunjika, akajigamba kwamba ameishinda bahari miungu isipende. Poseidon, mungu wa bahari, akaupasua mwamba aliokalia, akazama.

MASWALI

Swali: Mwalimu, Diomedes mwenye farasi wanaokula watu ndiye aliyemjeruhi Aphrodite, mungu wa mapenzi, kwenye vita vya Troy?

Jibu: Hapana. Wa farasi ni mfalme wa Thrace. Aliyemjeruhi Aphrodite ni bin Tydeus, wa Argos.

Swali: Na Glaucus? Nimepata watatu: mvuvi aliyekula majani akawa mungu wa bahari, mtoto wa Minos, mfalme wa Krete, aliyetumbukia kwenye mtungi wa asali, na bin Sisyphus aliyeliwa na farasi wake.

Jibu: Umesoma vizuri. Ongeza wa Lycia, aliyempa Diomedes silaha za dhahabu akapokea za shaba. Huyo ni kitukuu cha bin Sisyphus. Jina la mzee limerudi kwenye ukoo, kama kwetu.

Swali: Diomedes yupi tena hapo?

Jibu: Bin Tydeus. Yule wa Thrace hakuiona vita ya Troy, shujaa Heracles alishamuua zamani.